Tita la Kwanza la Mheshimiwa Waziri

Mlioko nchi nyingine mtaniwia radhi nikianza kwa kujisifu, lakini sijui nchi inayoyapenda mazingira kama yetu. Wengine wanayapenda kwa kupanda miti. Sisi tunayapenda kwa kuezua.

Ilianza pale Mkuu wa Nchi alipokwenda mkutanoni ng'ambo, huko kunakoanguka theluji. Wakati wa mapumziko akachungulia dirishani, akaona nyumba yenye paa la mteremko lililoota majani mabichi, na mbuzi juu yake anakula. Alisimama pale dirishani mpaka chai yake ikapoa. Aliporudi nyumbani, akiwa bado kwenye ngazi za ndege, alitamka kwamba kuanzia siku hiyo kila paa la umma lenye mteremko litakuwa rafiki wa mazingira. Mawaziri walipiga makofi. Mmoja wao aliuliza kama na mbuzi wamo kwenye tamko, na kwa sasa si waziri tena. Mapaa bapa hayakuguswa, kwa sababu Ikulu ni bapa.

Basi ikaundwa Wizara ya Paa na Mazingira ya Juu. Wizara ilipokwisha kununua magari ilitoa mwongozo wake wa kwanza: haiwezekani kuchagua ezeko jipya mahali penye ezeko la zamani, kwa kuwa uamuzi utakosa pa kukaa. Kwa hiyo mabati yote yaondolewe kwanza, uchaguzi ufuate. Niliposikia haya redioni nilitikisa kichwa kwa kustaajabu jinsi wenzetu walivyosoma.

Mimi naitwa Mwinshehe, mwenyekiti wa Kamati ya Zahanati ya Bondeni Juu. Mabati yetu yalikuwa na kutu kidogo lakini hayakuwa yakivuja. Kikosi cha Wizara kilikuja kiangazi, kikaezua wodi ya wazazi, chumba cha dawa na nyumba ya nesi, kikaimba wimbo wa taifa na kuondoka na mabati. Niliuliza yanapelekwa wapi, nikaambiwa yanakwenda kutunzwa. Na kweli yametunzwa. Yako juu ya banda la kuku la Mkuu wa Wilaya, maana bati likilazwa chini huharibika. Banda lile nalo lina mteremko, ila kuku wa Mkuu wa Wilaya si wa umma.

"Mzee Mwinshehe, wameniachia kuta," aliniambia Nesi Somoe, mkunga wetu. Alikuwa amesimama katikati ya wodi, jua linampiga utosini, mikono kiunoni.

"Vumilia, mwanangu. Serikali inachagua."

"Inachagua mpaka lini? Mjamzito hachagui siku, mzee wangu. Ikifika imefika."

Nilimwona hana subira. Kumbe alikuwa anamsemea binti yangu. Kidawa alikuwa na mimba yake ya kwanza, mumewe yuko mbali machimboni, na Nesi alishanieleza kwamba atajifungua masika yakianza. Sheria yetu, ambayo naipenda kama ninavyozipenda sheria zote, inasema kujifungulia nyumbani ni kosa. Kwa hiyo mjukuu wangu alikuwa na mahali pawili tu pa kuzaliwa: nyumbani, ambako ni kosa, na wodini, ambako hakuna paa.

Lakini sikuwa na wasiwasi. Kiangazi kilikuwa bado kirefu, na Kamati ya Taifa ya Kuchagua Ezeko ilikuwa njiani.

*

Kamati ilifika ikiongozwa na Bwana Lutengano, Afisa Mteremko wa Wilaya, kijana mtanashati mwenye kofia ya majani ya mnazi. Walikaa ndani ya wodi chini ya miavuli, wakachagua.

Walianza na vigae vya udongo. Kila mtu alivisifu: vinadumu, havipigi kelele mvua ikinyesha, na ndani panakuwa pa baridi. Lakini vigae huchomwa kwa kuni, na kuni ni mti. Mjumbe mmoja akapendekeza vigae visivyochomwa. Kikatengenezwa kimoja cha mfano, kikawekwa juu ya meza, asubuhi umande ukakilowesha kikarudi kuwa udongo. Kamati ikaandika kwamba kigae hicho ni rafiki mno wa mazingira, kiasi kwamba kimerudi kwao.

Vikafuata vigae vya plastiki iliyotumika. Hivi vilipita haraka, mpaka ilipogundulika kwamba wilaya yetu haina taka za kutosha. Likatolewa tangazo kuwaomba wananchi watupe chupa na mifuko ovyo, kwa uzalendo. Watu walijitahidi. Mtaro wa soko uliziba, mbuzi wawili wakafa kwa kula mifuko, kisha ikasemekana taka zile ni chafu, hazifai kwa mradi wa usafi.

Makuti yaliangushwa kwa sababu yanatoka pwani, na lori la kuyaleta linatoa moshi. Vigae vya mbao viliangushwa bila hata kujadiliwa. Zikabaki nyasi, ambazo zimejaa bondeni kwetu, ndefu, ngumu, na ndizo walizoezekea babu zetu.

"Nyasi hapana," alisema Bwana Lutengano kwa masikitiko. "Nyasi ni malisho. Malisho ni ya Wizara ya Mifugo. Tukiezeka kwa nyasi tutakuwa tumeezeka kwa bajeti ya ng'ombe."

Halafu kulikuwa na suala la mteremko wenyewe. Mwongozo wa Wizara ulikuwa umetafsiriwa kwa uaminifu mkubwa kutoka lugha ya nchi ile ya mbuzi wa juu ya paa, na ulitaka kila paa liinamishwe kiasi cha kuwezesha theluji kuporomoka bila kuumiza mpita njia. Bwana Lutengano akamgeukia Nesi Somoe.

"Nesi, hapa kwenu theluji ya mwisho ilianguka lini?"

Nesi alimtazama juu mpaka chini. "Haijaanguka."

"Haijaanguka bado," alisema Bwana Lutengano kwa sauti, na mjumbe mmoja akaandika. Wakakubaliana kwamba hawawezi kuamua mteremko mpaka theluji ije ipimwe. Kisha wakala mchana, wakaondoka.

Kidawa alikuwa amekuja kliniki siku ile. Alikaa kwenye kitanda kilichopasuka kwa jua akasikiliza yote. Tulipokuwa tunarudi nyumbani aliniuliza, "Baba, na mvua je? Wameiongelea?"

Nikamwambia Kamati haiwezi kuongelea kila kitu kwa siku moja. Akanitangulia njiani.

*

Mawingu ya kwanza yalipojikusanya, Nesi Somoe hakuniaga wala hakuniuliza. Aliwaita kina mama wa Bondeni Juu, wakashuka bondeni na mundu. Wanaume wakaja kurekebisha kenchi na kufunga fito. Kazi ilikwenda kwa nyimbo na masihara, kama kazi za kijiji zinavyokwenda watu wakiamua. Kidawa, tumbo likiwa limeshamtangulia, alikaa kivulini akisokota kamba. Walianza kuezeka ukingoni, tita juu ya tita, safu ikiilalia ya chini yake, mpaka kileleni. Jioni nilisimama ndani ya wodi nikainua macho nisione mbingu. Palikuwa na giza zuri, na harufu ya nyasi kavu. Nakiri nilifurahi, ingawa hatukuwa na kibali.

Furaha yangu ilidumu mpaka Bwana Lutengano alipofika na gari. Alilizunguka jengo akiwa ameshika kofia yake.

"Mzee Mwenyekiti, nani kazindua hili paa?"

"Hakuna, bwana. Tumeezeka tu."

"Hamjazindua, halafu watu wako ndani?"

Hapa lazima nimweleze msomaji mgeni. Kwetu kitu kisichozinduliwa hakipo. Mto wetu una daraja zuri la zege, limekamilika zamani, limezungushiwa utepe likimsubiri mgeni rasmi. Watu huvuka chini yake, maji kiunoni, na wakifika katikati huinua macho kulitazama kwa fahari. Sasa kukaa chini ya paa ambalo halipo ni kuidanganya serikali, na Bwana Lutengano alinionya hivyo kwa upole.

Lakini hakuwa mtu mbaya. Alikwenda mjini akarudi anacheka. Wizara ya Mifugo imekubali kuazimisha nyasi. Mheshimiwa Waziri wa Paa atakuja mwenyewe kuzindua, na Bondeni Juu itakuwa ya kwanza katika taifa zima kuwa na paa rafiki. Tulipiga vigelegele. Ndipo akaongeza kwamba Mheshimiwa ataweka tita la kwanza kwa mkono wake.

"Tita la kwanza limeshawekwa," alisema Nesi Somoe. "Na la mwisho."

"Ndiyo maana tutayashusha."

"Mtashusha nini?"

"Nyasi, Nesi. Hawezi kuweka la kwanza juu ya yaliyokwisha kuwekwa. Ataonekana wa mwisho."

"Bwana Lutengano, nina wazazi humu. Mvua hiyo inakuja, huioni?"

"Ni kwa siku chache tu. Mkishazinduliwa mtarudishia."

Nesi alinigeukia mimi. Kina mama wote wakanigeukia. Nikasema tuvumilie, siku chache si nyingi, na mgeni rasmi si mtu wa kila siku. Kidawa aliweka chini kamba aliyokuwa anasokota, akainuka kwa shida akaenda zake nyumbani. Mgambo wakapanda juu wakaezua.

*

Siku chache zilizaa nyingine, maana Mheshimiwa alikuwa na mambo mengi ya kuzindua. Hatimaye siku ikafika, na mvua ikafika nayo.

Palikuwa na turubai kubwa la Wizara mbele ya zahanati, chini yake meza kuu, viti vya kitambaa, maua na chupa za maji. Palikuwa na turubai dogo lililofunika matita ya nyasi, ili Mheshimiwa asije akashika tita bichi. Na palikuwa na wodi, ambayo haikufunikwa na kitu, na ndani yake alikuwemo Kidawa, ambaye uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri.

Mvua ilikuwa ya kwanza ya masika, ile isiyo na huruma. Nesi Somoe alitoka wodini akiwa amelowa chapa chapa.

"Nipeni turubai moja. Hata lile la nyasi."

"Nyasi zikilowa shughuli imeharibika," alisema Bwana Lutengano. Nilimwona anaumia, kwa kweli. Alikuwa anatazama barabarani kama mtu anayemngoja daktari.

Nesi hakubishana. Alirudi ndani akatoka na kina mama wamembeba Kidawa na kitanda chake, wakaja naye moja kwa moja chini ya turubai kubwa, nyuma ya meza kuu. Wakafungua khanga zao wakazisimamisha kuwa kuta, kila mmoja ameshika ncha. Mgambo mmoja alitaka kuwazuia. Bibi mmoja akamwambia, "Njoo uone ulikotoka," naye akarudi nyuma. Mimi nilisimama kando ya viti nikisikia sauti ya mwanangu, na nilikuwa na hotuba ya makaribisho mfukoni.

Msafara wa Mheshimiwa ulifika ukipiga ving'ora. Alikuwa mtu mnene mchangamfu, akatupungia mkono kwa mapenzi. Nilisoma hotuba yangu. Sijui nilisoma nini. Kisha akasimama yeye.

"Ndugu wananchi! Paa si kitu cha juu tu. Paa ni mtazamo! Taifa lenye mteremko ni taifa linalojua maji yake yaende wapi!"

Maji wakati huo yalikuwa yanakwenda wodini, kwenye magodoro.

"Wako wanaotubeza kwamba tumeezua kabla ya kuezeka. Nawauliza: nani aliwahi kuezeka kabla ya kuezua?"

Makofi yakalia. Katikati ya makofi, nyuma ya khanga, mtoto akalia. Alikuwa na sauti ndogo, ya kukatika. Mheshimiwa aligeuka, Bwana Lutengano akamnong'oneza, na uso wake ukang'aa.

"Mnaona! Paa halijawekwa, matunda yameanza kuonekana!"

Akaelekea kwenye jengo, wanaume wawili wakimshikia mwavuli. Akapanda ngazi mpaka kileleni kabisa, mpiga picha akiwa chini, akapewa tita kavu akalifunga pale juu peke yake. Kina mama wakatazamana, kwa sababu nyasi huezekwa kuanzia chini, na kila mtoto wa Bondeni Juu anajua hivyo.

"Anaanzia juu?" aliuliza yule bibi.

"Mheshimiwa haanzii chini," alijibu Bwana Lutengano.

Aliposhuka akatangaza kwamba tita lile ni historia. Lisiguswe, lisifunikwe, lisifuatwe na jingine mpaka awamu ya pili, ambayo Mkuu wa Nchi atakuja kuizindua mwenyewe. Kisha akaondoka, kwa kuwa alisubiriwa wilaya ya pili. Na turubai, kama ilivyo desturi, linamfuata mgeni. Vijana wa Wizara walikuja wakaanza kufungua kamba.

"Anavuja damu!" alipiga kelele Nesi Somoe. "Siwezi kumwinua! Subirini damu ikate!"

Waliomba radhi. Walikuwa wamechelewa. Turubai likaondoka juu yetu, na mvua ikatuangukia sote. Kina mama waliinama juu ya kitanda, mgongo kando ya mgongo, wakawa paa. Lakini migongo huacha nafasi. Damu ilipokata tulimkimbiza Kidawa kwenye chumba alichopanga Nesi tangu nyumba yake ilipoezuliwa, tukawasha moto, tukamsugua mtoto, Nesi akamlaza kifuani kwa mama yake. Baridi ilikuwa imeshamwingia. Alikuwa wa kiume, mdogo, ana paji la uso kama la marehemu mke wangu. Magharibi alikuwa ameshatutoka.

Niliumia. Sina namna ya kulipamba hilo, wala sitaki.

*

Kesho yake Bwana Lutengano alinijia na mtu wa redio. Alikuwa anatabasamu.

"Mzee Mwenyekiti, hongera! Taifa zima linamuulizia mjukuu wako. Mtoto wa kwanza wa paa rafiki! Anaitwa nani?"

"Hana jina. Tumetoka kumzika sasa hivi."

Alivua kofia yake ya majani. Nilidhani atalia.

"Pole sana, mzee wangu. Pole sana." Akaikunjakunja kofia. "Lakini... kuzaliwa kwenyewe kulikuwa salama?"

"Kuzaliwa, ndiyo."

"Basi taarifa tuliyopeleka haina makosa," alisema, na akashusha pumzi.

Nilimpita nikaenda zahanati. Tausi, mke wa fundi baiskeli, alikuwa amelala wodini juu ya kitanda kilicholowa, ameshika chuma cha kitanda, na Nesi Somoe amemshikia mwavuli. Kileleni lilikuwepo tita la Mheshimiwa, na chini yake mgambo wawili wanalilinda. Sikuwa na mpango wowote. Niliegemeza ngazi nikapanda. Walinipigia kelele nishuke, na mimi maisha yangu yote nikipigiwa kelele na serikali hushuka. Safari hii nilifika juu, nikakata kamba, nikalitupa lile tita matopeni.

Nilishtakiwa kwa kuhujumu mteremko wa taifa. Polisi wote wa wilaya walikuja kunisindikiza, pamoja na mgambo, kwa kuwa ilisemekana nyuma yangu kuna mtandao.

*

Mahabusu ni pazuri kwa upande wa juu. Tamko halikupahusu, maana mahabusu si pa umma, ni pa serikali. Mvua inanyesha kila siku na sijaona tone.

Kidawa hakuwa amesema nami tangu maziko. Juzi alikuja, amekonda, ana chupa ya uji. Alinimiminia kikombe akakaa upande wa pili wa nondo.

"Baba," alisema, "siku waliyokuchukua, polisi na mgambo wote walipoondoka na wewe, kina mama walipanda. Tukaezeka upya."

"Na wewe?"

"Nilisokota kamba."

"Watakuja kuezua, mwanangu. Halijazinduliwa."

"Walikuja. Lakini Bwana Lutengano amesema pale pote ni mahali pa uchunguzi. Tita lilitupwa kutoka pale. Kisiguswe kitu mpaka uchunguzi wako ukamilike. Ukikamilika wataezua, wamngoje Mkuu wa Nchi."

Nikashika uji bila kunywa. "Mvua ya jana je?"

"Haikuvuja."

"Na Tausi?"

"Kajifungua. Wa kike. Analia huyo, mtaa mzima unamsikia." Akajaribu kucheka, akajifunika uso kwa khanga. Nilipitisha mkono kwenye nondo nikamshika bega. Alilia, nami nikalia, na askari akatuacha mpaka tulipomaliza.

Kabla hajaondoka aliniambia amepata mtu wa kunisemea, ili nitoke mapema. Nikamwambia asithubutu, amshukuru huyo mtu amwambie arudi nyumbani. Mpelelezi wangu ni mtu makini, hataki kufunga jalada lenye utata. Kila asubuhi huniuliza tita la Mheshimiwa nililitupa kwa mkono gani. Leo nimemwambia wa kulia. Kesho nitamwambia wa kushoto.